Nichague umbo gani la almasi kwa pete ya uchumba?

Mama, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Mwanza. Mchumba wangu ni muuguzi, yuko wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya hapa mjini. Barua ya posa ilipokelewa, mahari tulishaafikiana na sehemu kubwa nimeshapeleka. Kilichobaki ni kumvisha pete mwishoni mwa mwaka, familia zote mbili zikikutana.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni nne kwa ajili ya hiyo pete na nataka iwe ya almasi. Baba yangu alifanya kazi mgodi wa Mwadui mpaka akastaafu. Nimekulia Shinyanga, habari za almasi nimezisikia tangu mtoto, ila kuishika mkononi sijawahi. Nilidhani nitaingia dukani, nionyeshwe almasi, nilipe. Kumbe kuna maumbo kibao na kila mtu ana lake.

Sonara niliyeanza kwake anasema nichukue duara, eti ndiyo almasi yenyewe, mengine ni fasheni za kupita. Baba naye yuko upande huo, anasema jiwe la Mwadui alilopewa Malkia wa Uingereza lilikatwa duara, kwa hiyo mjadala umekwisha. Dada yangu anataka ninunue emeraldi, ile ya mstatili, anasema ndiyo ya watu wanaojielewa. Binamu yangu yuko Dubai, yeye ananiambia niachane na hao wote, nimtumie fedha aniletee markizi, ile ndefu yenye ncha huku na huku, kwamba ndiyo inayoonekana kubwa na kwa hela hiyo hiyo atanipatia karati moja kamili. Huku Mwanza kwa milioni nne wananionyesha vijiwe ambavyo hata nusu karati havifiki.

Mchumba wangu mwenyewe si mtu wa makuu. Mwaka jana tulienda harusi ya mwenzake, akaitazama pete ya bi harusi, akasema nzuri ila yeye ile ingemchania glavu kila siku. Zaidi ya hapo hajawahi kuzungumzia pete. Sijamuuliza kwa sababu nataka iwe ya kushtukiza, na dada anasema nikimuuliza nitakuwa nimeharibu kila kitu.

Naomba unisaidie Mama, nichague umbo lipi? Na huyo binamu nimtumie fedha au nisitume?

Mwanao, Mwanza.

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mahari umepeleka, wazee wameelewana, na bado umekaa chini kufikiria kitu kitakachokaa kwenye kidole cha mwenzio miaka yote. Nimeifurahia barua yako. Miaka niliyokaa kwenye duka la sonara nimeona wanaume wengi wakinunua pete kama wanaonunua kiberiti.

Watu wanne wamekushauri, na wote wanne wanazungumzia jinsi pete itakavyoonekana. Aliyezungumzia jinsi itakavyovaliwa ni mmoja tu, naye ndiye mvaaji: ingemchania glavu. Umeyaandika maneno hayo kana kwamba ni ya kupita tu, lakini mimi ndipo nilipoiweka barua chini nikaanza kukujibu.

Tuanze na kazi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usafi wa mikono unahimiza sana wahudumu wa afya wasivae pete wakiwa wanahudumia wagonjwa. Pale ambapo mila au dini inambana mtu, pete ya ndoa ya kawaida, isiyo na jiwe, inaweza kuvumiliwa kwenye huduma za kawaida, lakini chumba cha upasuaji pete zote zinavuliwa. Vijidudu hujificha chini ya pete, na pete yenye jiwe ina vipembe vingi zaidi vya kuvificha. Sasa huyu yuko wodi ya wazazi. Usijidanganye kwamba pete yako itakuwa kidoleni saa zote. Itavuliwa na kuvaliwa, itatiwa kwenye pochi, itawekwa kabatini, itaokotwa haraka zamu ikiisha usiku. Pete ya maisha hayo inataka jiwe lisilo na ncha, lililokaa chini karibu na kidole.

Najua utasema almasi ndiyo jiwe gumu kuliko yote. Ni kweli, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ina 10, ambacho ndicho cha juu kabisa, na hakuna jiwe lingine la kuikwaruza. Ila kutokukwaruzika ni jambo moja na kustahimili kugongwa ni jambo lingine. Ndani ya almasi kuna njia ambazo ikigongwa kuzifuata hupasuka, na wakataji wa zamani walizitumia njia hizo hizo kuligawa jiwe kwa patasi na pigo moja. Sehemu iliyo hatarini zaidi ni palipo pembamba, yaani kwenye ncha. Nimeletewa prinsesi, ile ya mraba, pembe moja imemeguka kwa kugonga bomba la sinki. Mwenye pete alikuwa analia, na hakuna sonara anayeweza kukirudisha kipande kile. Kinachofanyika ni jiwe kukatwa upya, nalo linarudi dogo.

Kwa hiyo markizi ya binamu naiondoa mezani. Ina ncha mbili, kila moja ni mahali pa kunasa uzi, nywele, na hiyo glavu. Ipo njia ya kuzifunika ncha kwa kucha za dhahabu, yaani vile vishikio vinavyobana jiwe, zenye umbo la V, na mtu anayefanya kazi ya ofisini angeweza kukaa nayo salama kabisa. Ni umbo zuri na silichukii. Pea, ile ya tone la maji, ina ncha moja, kwa hiyo shida yake ni ile ile, nusu yake.

Karati moja kwa milioni nne ndiyo iliyonishtua zaidi ya hilo umbo. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya kuchimbwa ya uzito huo, iliyo safi na nyeupe kiasi, pamoja na dhahabu ya pete yenyewe, haipatikani kwa fedha yako, iwe Mwanza, iwe Dubai. Binamu yako huenda hakudanganyi, huenda anazungumzia almasi iliyokuzwa maabara. Hiyo ni almasi kweli, kaboni ile ile, ugumu ule ule. Hata kile kipimo cha mkononi ambacho sonara hugusishia jiwe kitakuambia ni almasi, kwa sababu kuzitenganisha hizo mbili kunahitaji vyombo maalumu. Bei yake ni ndogo sana na imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukitaka kuiuza kesho usitarajie kitu. Si aibu kuinunua. Aibu ni kumvisha mtu ya maabara ukimwambia imetoka ardhini, halafu aje aambiwe na sonara mwingine siku anayokwenda kuipunguza ukubwa. Muulize binamu swali moja tu: cheti chake kinasema imechimbwa au imekuzwa? Akianza kuzunguka, fedha usitume. Na hata akijibu sawasawa, mimi nisingetuma fedha ya jiwe ambalo wewe hujaliona kwa macho yako.

Sasa baba. Mzee wa Mwadui nampa heshima yake, na kuhusu lile jiwe hajakosea. Lilipatikana mwaka 1947 likiwa na karati 54.5, rangi ya waridi, na John Williamson, mwenye mgodi, akampa Elizabeth alipokuwa anaolewa na Philip mwaka huo huo, akiwa bado binti mfalme. Lilipokatwa duara zilibaki karati 23.6. Mwambie mzee afanye hesabu: zaidi ya nusu ya jiwe iliishia kuwa vumbi kwenye gurudumu la mkataji. Almasi ghafi nyingi hutoka ardhini zikiwa na umbo la piramidi mbili zilizogeuziana migongo, na kupata duara humo lazima ukate na kutupa sana. Duara inapendwa kuliko maumbo mengine yote, na inapoteza jiwe jingi, ndiyo maana kwa uzito ule ule ni ghali kuliko mengine.

Lakini kile kinachotupwa hakiendi bure. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakataji almasi wa Ubelgiji, alichapisha hesabu za pembe ambazo nyuso za almasi zikae ili mwanga unaoingia kwa juu urudi juu kwenye jicho la mtazamaji, usitorokee chini. Duara ya leo, yenye nyuso 57, imejengwa juu ya kazi hiyo. Ndilo umbo linalong'aa kuliko yote, linaficha kasoro ndogo, linaficha hata umanjano kidogo wa jiwe, na halina kona ya kumeguka. Sonara wako hakukupotosha alipokushauri duara. Alichokosea ni kusema kwamba mengine si almasi. Na kama mzee atabisha, mkumbushe jiwe jingine la Mwadui, lile la waridi la karati 11.15 lililouzwa Hong Kong Oktoba 2022 kwa zaidi ya dola milioni 57. Lile lilikatwa umbo la mto, mraba wenye kona za mviringo, na hakuna aliyesema si almasi.

Emeraldi ya dada ni nzuri mno, nakiri ndilo umbo ninalolipenda mimi kwa macho yangu. Imekatwa kwa ngazi ngazi, haimeremeti kama duara, inamulika mwanga mmoja mpana kama kioo kinapogeuzwa. Kona zake zimekatwa, hazina ncha kali, kwa hiyo kwa upande wa glavu ingeweza kupita. Shida yake ni mfuko wako. Ule uso mpana wa juu ni dirisha: kila doa lililo ndani linaonekana, na rangi ya umanjano inaonekana. Ili emeraldi ipendeze lazima ununue jiwe safi sana, na ukinunua safi kwa bajeti uliyo nayo litakuwa dogo mno. Uzito wake mwingi pia umekaa chini kwenye kina, jicho halioni. Mwambie dada amebahatika kuwa na jicho zuri, na siku yake ikifika amwombe shemeji.

Mimi ningenunua ovali. Inakatwa kwa mtindo ule ule wa kumeremeta kama duara, haina kona wala ncha, na kwa kawaida karati yake ni nafuu kuliko ya duara. Ovali ya nusu karati huwa na urefu wa karibu milimita 6 na upana wa 4. Duara ya uzito huo ina kipenyo cha milimita 5 na kidogo. Ukipima eneo, hazipishani sana. Ila jicho linasoma urefu, na ovali ikilala kufuata kidole hukifanya kidole chenyewe kionekane kirefu. Kwa fedha yako, ukishatoa dhahabu na ufundi, utapata jiwe la karibu nusu karati au pungufu kidogo. Usione haya. Vile vijiwe ulivyoonyeshwa Mwanza ndiyo ukweli wa bei, na kwenye kidole chembamba jiwe la milimita 5 au 6 linaonekana vizuri kabisa.

Ovali ina ugonjwa wake na lazima uujue kabla hujaingia dukani. Katikati ya jiwe huweza kukaa kivuli cheusi chenye umbo la kipepeo, mabawa yakienda kulia na kushoto. Kinatokana na pembe za ukataji: sehemu ile badala ya kurudisha mwanga inarudisha kivuli cha kichwa chako wewe unayeinamia. Karibu kila ovali inacho kidogo. Kibaya ni kile kisichoondoka. Na cheti hakitakusaidia hapa. Kwa almasi za duara, GIA, ambayo ndiyo maabara inayoaminika zaidi, huandika daraja la ukataji. Kwa ovali kwa kawaida hutaliona. Utaona uzito, rangi, usafi na mengine machache, ila si daraja hilo. Uzuri wa ukataji utauona mwenyewe.

Namna ya kuangalia ni hii. Taa za madukani zimetegwa, kila kitu kinameta chini yake, hata kioo cha soda. Mwombe sonara akubanie jiwe kwenye kibanio, msogee naye mpaka mlangoni penye mwanga wa mchana, pasiwe na jua la moja kwa moja. Lishike umbali ule ambao mtu hutazama pete yake mwenyewe, si puani. Lipepese polepole kulia na kushoto. Kipepeo akifunguka na kufunga, mwanga ukikimbia juu yake, jiwe liko sawa. Akibaki pale pale mweusi kila unapogeuza, rudisha. Kisha litazame kwa juu uone kama katikati kuna tundu la mwanga, unaona kidole chako kupitia jiwe. Hilo limekatwa bapa, walitaka lionekane pana, na ndani halina uhai. Mwisho angalia mzunguko wake: mabega mawili ya juu yafanane, na ya chini yafanane. Ovali iliyopinda bega moja itakusumbua jicho maisha yote. Akikwambia huwezi kwenda na jiwe mlangoni, nenda duka jingine.

Kwa rangi, ambayo hupangwa kwa herufi, usihangaike na D, E au F zilizo nyeupe kabisa. Ukiliweka kwenye dhahabu ya njano ya karati 18 (karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi wake, si uzito), jiwe la H, I hata J, lenye umanjano kidogo, linaonekana jeupe, ila angalia ile miisho miwili ya mviringo ya ovali maana ndiko umanjano hujikusanya. Kwa usafi, VS2 au SI1, madaraja ya mawe yenye kasoro ndogo, inatosha ikiwa kwa macho matupu huoni doa. Fedha uliyookoa hapo ipeleke kwenye ufundi.

Na ufundi kwako ni jambo kubwa kuliko umbo. Duara lililoinuliwa juu kwa kucha nne ndefu litachana glavu kuliko hata markizi iliyolazwa chini. Mwambie sonara alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu pande zote, bila kucha, na alishushe karibu na kidole kadiri kina cha jiwe kinavyoruhusu. Ukingo utapunguza mwanga kidogo ubavuni, hilo likubali. Usikubali vijiwe vidogo vidogo kuzunguka jiwe kubwa au kwenye mkanda wa pete: jeli ya mikono, losheni na poda ya watoto vitajaa humo, na mkanda uliojaa vijiwe ni taabu kuupanua au kuupunguza baadaye. Mkanda uwe laini, mnene wa kutosha usipinde.

Linabaki hili la kushtukiza, na hapa natofautiana na dada yako waziwazi. Mchumba wako anajua utamvisha pete. Posa imepokelewa, si siri. Siku ifanye ya kushtukiza, maneno utakayosema yawe ya kushtukiza, mlete hata shangazi aliyekuwa hajulikani atakuja. Umbo la kitu atakachokivua na kukivaa kila zamu mshirikishe. Mwambie hivi: "Mama wa safu kaniambia ovali iliyolala chini haichani glavu, twende ukajaribu." Nendeni siku ambayo hana zamu, achukue jozi ya glavu za kazini kwenye pochi. Ajaribu pete za maumbo yote, hata zile za fedha zenye mawe ya bandia, avae glavu juu yake, avue, avae tena. Atajua ndani ya dakika chache. Akichagua duara, nunua duara, na mzee wa Mwadui atafurahi. Akichagua emeraldi, dada atafurahi, na wewe utajua fedha ya usafi wa jiwe itatoka wapi. Kipimo cha kidole mkichukulie hapo hapo, mchana au jioni mikono ikiwa na joto, maana asubuhi na penye baridi kidole huwa chembamba na pete inayokaa vizuri saa hiyo itambana joto likipanda.

Ukishakubaliana na sonara, risiti iandikwe uzito wa jiwe, rangi, usafi, namba ya cheti, neno kwamba imechimbwa au imekuzwa maabara, na karati ya dhahabu pamoja na uzito wake. Mara nyingi namba ya cheti huwa imechorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Mwombe akuonyeshe kwa lenzi kabla hajalifunga kwenye dhahabu, kwa sababu ukingo wa dhahabu ukishazungushwa hutaiona tena. Muulize kazi itachukua muda gani, kisha wewe jiwekee wiki kadhaa za ziada kabla ya siku ya wazee. Siku ya kuichukua, kabla hujalipa salio, omba kipande cha pamba ukipitishe juu ya pete pande zote, taratibu. Uzi hata mmoja ukinasa, mrudishie aisugue tena.